Mama Azima na koti la mtihani

Saa kumi na mbili asubuhi. Katika chumba cha kufulia cha hoteli moja, mashine bado zimenyamaza. Wanafunzi tisa wamekaa juu ya matenga ya mashuka. Mbele yao, mwanamke mwenye aproni ya bluu anasubiri mlinzi wa geti aazime mwavuli kwa Kiingereza.

Mlinzi anasema "lend". Mwalimu hamkosoi. Anamwambia mwenye mwavuli aukumbatie, na mlinzi anyooshe mkono mtupu. Mkono mtupu ndio "borrow". Anayeachia kitu chake ndiye "lend". Mlinzi anakitazama kiganja chake, anacheka, anarudia sentensi. Safari hii mwavuli unakuja.

Na ataondoka nao kweli. Ndiyo sheria ya darasa: kilichoazimwa leo kinarudi kesho, kwa Kiingereza. Ndiyo maana mwalimu huyu, mfua nguo wa hoteli mwenye miaka arobaini na sita, wanamwita Mama Azima.

"Sisi tunasema kuazima, anayetoa na anayepokea wote humo humo," anasema. "Ukimwandikia mtu kanuni ubaoni, anaisahau kabla hajafika kwenye lifti. Lakini mwavuli wa mwenzako ukiwa nyuma ya mlango wako, utausahau?"

Aliacha shule darasa la saba, mama yake alipougua. Kiingereza amekiokota kwa wageni, neno moja moja, kwa miaka kumi na minane. Somo lake halimlipi hata senti. Wanafunzi wake wanne wamepanda hadi mapokezi. Yeye bado anapiga pasi.

Ijumaa hii anarudia mtihani wa cheti cha kufundisha lugha. Asipofaulu, mwezi ujao hoteli italikabidhi darasa kwa mkufunzi wa nje. Mara ya kwanza jopo la watahini lilimtaka aeleze tofauti ya maneno mawili. Mikono ilikuwa mitupu, ulimi ukamganda.

"Nilisimama pale kama mtu aliyepotea mtaani kwake," anasema, na sauti inamshuka.

Dakika chache kabla ya saa moja, mlinzi anainuka tena. Kwa Kiingereza kilichonyooka, anamwambia mwalimu atamwazima saa yake ya mkononi mpaka Jumamosi. Mpishi anatoa kalamu. Dada wa mapokezi, aliyeanzia kwenye matenga hayohayo, anavua koti lake.

Mama Azima anajaribu mzaha. "Wanangu, nguo ya kuazima haisitiri maungo."

"Hii itasitiri, mama," dada anamjibu. "Na jopo likikuuliza, utakuwa na vitu vya kushika."

Anaanza kukunja koti, anashindwa, anapangusa macho kwa pembe ya aproni. Mpango wake, anasema, ni mmoja tu: Jumamosi saa kumi na mbili amrudishie kila mtu chake, kwa Kiingereza, awe amepata cheti au amekosa.

"Kufaulu naomba Mungu," anasema. "Kurudisha ni juu yangu. Ila ningependa koti hili nilirudishe nikiwa bado mwalimu wao."