Udongo Katika Pindo la Leso

Mwanangu, kabla sijakusimulia lililotokea, yafaa kwanza uijue nyumba. Ilikuwa Msambweni, katika miaka ya hamsini, nayo ilikuwa mpya kabisa: kiambaza cha fito na udongo, paa la makuti, chini udongo uliopondwa ukakauka. Mume wangu, Bakari, aliijenga karibu na nyumba ya mama yake, Bi Mwanakombo. Mimi nilitoka Shimoni, binti wa mwalimu wa chuo cha Kurani, katika nyumba ya mawe na sakafu ya chokaa. Sikuwahi kulala juu ya udongo mpaka nilipoolewa. Hayo ndiyo yaliyokuwapo. Yaweke moyoni, maana kila moja lina kazi yake mbele.

Nakumbuka asubuhi moja, arusi haijapoa, mavyaa wangu, Bi Mwanakombo, alikuja na udongo aliofunga katika pindo la leso. Aliniitikia "Marahaba, mwanangu," akapita moja kwa moja chumbani, akainama, akaumwaga udongo ule chini ya kitanda, na mwingine akausukumiza kwa kidole ndani ya ufa wa kiambaza. Midomo yake ilikuwa ikicheza, lakini sauti sikuisikia. Alipotoka alijifuta mikono akasema, "Sasa nyumba imekuwa nyumba." Sikuuliza. Hapo ndipo shaka iliponiingia, nayo shaka, mwanangu, haina haja ya mlango.

Haukupita muda nikapata mimba, kisha homa. Homa ile ilikuwa na tabia ya ajabu: ilinishika siku kadhaa, kichwa kikiniuma kana kwamba kinapasuliwa, kisha ikaniacha nikasimama, nikapika, nikadhani nimepona, halafu ikarudi, kama mgeni aliyesahau kitu. Dawa chungu ya homa ya mbu niliimeza, haikufua dafu. Bakari alikuwa mzima. Bi Mwanakombo alikuwa mzima, naye mara nyingi alilala kwangu kuniuguza. Chumba kimoja, chungu kimoja, na mgonjwa ni mmoja. Ungekuwa wewe, ungemshuku nani?

Nilianza kumtazama mikono. Alipokoroga uji, niliufuata mwiko kwa macho. Aliponiletea samaki wa kupaka, nilisema nitakula baadaye, kisha nikawapa kuku, na jioni nikaenda kuwatazama kama wangali hai. Walikuwa wazima, tena wananenepa; hata hilo nililihesabu kuwa ujanja wake.

Nikatuma salamu Shimoni. Mama yangu alifika na sanduku tupu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akalifungua sanduku lile katikati ya chumba.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Funga vyombo. Tunaondoka leo. Mtoto huyu hatazaliwa hapa."

"Na Bakari?"

"Bakari ataleta talaka yako Shimoni. Kwani waume wameadimika? Hujaona walivyojaa barazani, wanakunywa kahawa ya bure?"

Hata hivyo hakutaka kuondoka mikono mitupu. Alitaka ushahidi wa kuwaonyesha wazee: hirizi, kucha, nywele, chochote. Bakari alikuwa shambani. Tukakivuta kitanda, tukakwangua udongo wa chini yake na ule wa kwenye ufa, tukautoa uani, tukaupepeta kwa ungo. Hirizi haikuonekana. Vilibaki vijiwe vya rangi ya kahawia, vimekunjamana kama ganda la tende kavu. Mama alikuwa tayari kuvitupa, jua likavipata, na kimoja kikatoa miguu, kikatembea.

"Kunguni," mama alisema kwa chuki.

Nikainama. Baba alinifunza nisisome neno kabla ya kuzitazama nukta zake. Kunguni ana miguu sita, ni bapa, na ukimponda hunuka. Huyu alikuwa na miguu minane, mnene, mdomo umefichwa chini ya mwili, wala harufu hana.

"Si kunguni huyu, mama."

"Ni papasi," sauti ilisema nyuma yetu. Bi Mwanakombo alikuwa amesimama penye mlango wa ua, sufuria ya uji mkononi. Aliutazama ungo, kisha kwa mlango uliokuwa wazi akaliona sanduku, akamwuliza mama: "Mkwe wangu, wapepeta nini katika udongo wangu?"

"Natafuta kinachomla mwanangu," mama alijibu. "Nani aliyewaleta wadudu hawa?"

"Mimi."

Alilisema bila haya. Aliiweka sufuria chini, akaketi juu ya mbuzi ya nazi, akaeleza. Wazee wake hawakuhama bila papasi wa nyumba ya zamani, kwa kuwa aliyeumwa nao tangu utotoni mwili wake huwazoea, na anayewaacha mwili husahau. Yeye mwenyewe, alipokuwa bibi arusi, alihamia nyumba isiyo nao. Akarudi kwao kutembea na mimba changa, wakamuuma, homa ikamshika.

"Mimba ile haikukaa," alisema. "Bakari alipozaliwa, nikaapa kuwa mkewe hayatampata hayo."

"Lakini huyu hakuzaliwa nao!" mama alipaaza sauti. "Amelala juu ya chokaa maisha yake yote!"

Bi Mwanakombo aliutazama tena ungo. Nilimwona akilipima neno lile, uso ukimsawijika. Kisha akanigeukia mimi, si mama.

"Ungaliniuliza siku ile ile, mwanangu, ningalikwambia, nawe ungalinambia habari ya chokaa. Umenitazama mikono muda wote huu. Uso hukunitazama."

Uji ule niliunywa, ukiwa umepoa. Kisha tukaenda hospitali sisi watatu, na papasi wawili ndani ya kasha la kibiriti. Daktari alipowaona hakutaka maneno mengi. Alinitoa tone la damu, akalichunguza, akanidunga sindano, na homa ile haikurudi tena.

Basi sikiliza, mwanangu. Chuoni tulifunzwa kwamba baadhi ya dhana ni dhambi. Baadhi, haikusemwa zote. Dhana yangu juu ya udongo ilikuwa sahihi. Dhana yangu juu ya moyo wa aliyeuleta ndiyo iliyokuwa dhambi. Na methali ya mama itazame vyema: waliotunga walisema *kikulacho*, hawakusema *akulaye*. Walianza na kitu. Nawe ukiumwa ndani ya nyumba yako, anza na kitu. Kivute kitanda mbali na kiambaza. Zikague nyufa mchana, maana papasi hujificha humo akingoja giza, na njaa haimuui upesi. Usimponde kwa kidole, kwa kuwa hata majimaji ya mwili wake yana ugonjwa; mtie katika maji yanayochemka. Ziba nyufa, paka chokaa. Homa ikiondoka na kurudi, mweleze daktari ulilala wapi. Na ukibakiwa na shaka juu ya mtu baada ya hayo yote, kuuliza si ujinga: mwulize, tena ukimtazama usoni.

Mola ailinde nyumba yako na kitambaacho katika nyufa zake, na moyo wako vivyo hivyo.

Bakari aliisakifu nyumba kwa chokaa. Mama alirudi Shimoni na sanduku lake tupu. Mtoto alizaliwa Msambweni, na aliyempokea ni Bi Mwanakombo.