Mpaka Mshale Utulie

Pale Kisesa, Luhende alijulikana kwa jambo moja: hasomi mizani mpaka mshale utulie. Gunia la pamba likitundikwa kwenye ndoano, mshale hurukaruka kama mbuzi aliyefungwa kamba kwa mara ya kwanza. Mkulima anataka asomewe pale ulipopanda, karani anataka pale uliposhuka. Luhende alinyoosha kiganja, watu wote wakanyamaza, na mshale ukishasimama ndipo akatangaza kilo kwa sauti iliyofika hadi barabara ya Musoma. Kwa miaka kumi na sita aliifanya kazi hiyo kwenye ghala la chama cha ushirika, na hakuna mkulima aliyewahi kumfuata nyumbani kulalamika.

Basi ukaja mwaka wa tisini na tano. Pamba haikuwa tena ya mnunuzi mmoja. Magari ya makampuni yalipita yakitimua vumbi, kila moja na bei yake, na chama kikapunguza watu, Luhende akiwamo. Hata mwezi haujaisha akaja Bwana Lukman, wakala wa kampuni mpya kutoka mjini.

"Mzee Luhende, kila mkulima niliyemuuliza amekutaja wewe," alisema. "Mizani yangu uishike wewe. Ila nahitaji barua ya afya. Msimu uliopita mpimaji wetu alianguka juani, hatutaki yajirudie."

Luhende aliona barua hiyo kama iko mfukoni tayari. Kesho yake akapanda baiskeli, akaipita Igoma akipiga mluzi, mpaka zahanati ya masista kule mjini karibu na ziwa. Sista Teodora, muuguzi aliyewazoea watu wa pamba, akamfunga kitambaa mkononi, akakijaza upepo, akautazama mshale wa kile kisaa chake.

"Presha mia na sabini na tano kwa mia na kumi. Baba, barua siandiki."

"Sista, msimu unafunguliwa baada ya wiki tano."

"Basi tuna wiki nne za kufanya kazi. Unalala?"

"Nalala jicho moja."

"Na la pili?"

"Linawaza pamba."

Sista akacheka, akahesabu vidonge. "Hivi kila siku. Mama apunguze chumvi. Halafu kuna la tatu. Asubuhi, kabla hujasema na mtu, kaa robo saa. Mgongo wima, mabega uyalegeze. Fuata pumzi inavyoingia na kutoka. Hesabu moja hadi kumi, kisha urudi kwenye moja. Mawazo yakija usigombane nayo. Yaache, rudi kwenye pumzi."

"Hiyo si sala?"

"Kwenye sala unasema. Hapa unanyamaza. Sisi masista nyumbani kwetu tunakaa hivyo kila siku, na kwa umri wangu huu napanda kilima cha Bugando sihemi."

"Na vidonge niviache nikishazoea?"

"Ukiviacha, nitakufuata Kisesa kwa miguu."

Alfajiri iliyofuata Luhende alitoa kigoda uani, akakaa wima, akavuta pumzi. Sasa, ndugu zangu, kwa Luhende kuhesabu halijawahi kuwa jambo la kimya. "Moja," akatangaza. "Mbili." Sauti ikavuka ua, ikavuka mihogo, ikavuka barabara. Alipofika kumi mara ya tatu akasikia kengele ya baiskeli. Jirani yake Mhoja alikuwa langoni na magunia mawili nyuma ya baiskeli, na nyuma yake kina mama wanne wenye mizigo ya pamba kichwani.

"Mwangaluka, Luhende. Mizani iko wapi?"

"Mizani gani?"

"Si tumekusikia unapima? Tukajua msimu umefunguliwa mapema."

Suzana, mkewe, akatokea jikoni na mwiko mkononi. Alipoelewa alicheka mpaka akakaa chini. "Anapima pumzi zake, shemeji. Bado hazijafika hata kilo moja."

Mhoja akamtazama Luhende, akaitazama pamba yake. "Hata pumzi zimepata mnunuzi? Kweli soko limekuwa huria."

Toka siku hiyo hakupita njiani bila kuulizwa bei ya pumzi. Alijibu kwa kicheko, lakini asubuhi alihesabu kimya, na kimya kilimshinda. Sisimizi walimpanda. Miguu ikafa ganzi. Akifika tatu, anajikuta yuko ghalani akigombana na karani aliyeachishwa kazi pamoja naye. Anarudi moja. Akifika mbili, anamwona Bwana Lukman akimpa mtu mwingine mizani.

Siku ya kumi na moja ndipo alipoona. Wazo lilipanda, likashuka, likapanda tena, na yeye hakulisoma. Akalingoja tu, kiganja kikiwa kimefunguka pajani bila yeye kujua. Likatulia. Akaingia jikoni mbio, nusura aikanyage sufuria.

"Suzana, ni mshale. Kichwani mna mshale. Maisha yangu yote nimekuwa nausoma ukiwa unaruka. Mtu akisema neno, nausoma. Redio ikisema bei, nausoma. Kumbe unaungoja tu utulie."

"Kaa chini kwanza, uji utamwagika," alisema Suzana, lakini naye alikuwa akitabasamu. Aliyaona tangu juzi: mumewe alikuwa akilala macho yote mawili, maumivu ya kisogo aliyozoea kuyalalamikia hakuyataja tena, na jana yake alikunywa uji wote bila kubishana na redio. Kesho yake kukawa na vigoda viwili uani.

Wiki ya nne, Sista alitaka kumpima siku tatu mfululizo. Jumatatu alipata mia na arobaini kwa themanini na nane. Jumanne ikashuka kidogo zaidi. Jumatano ndiyo ilikuwa ya mwisho, na Bwana Lukman alisema ataingoja barua ofisini kwake, hatua chache kutoka zahanati, mpaka saa sita mchana, kisha atachukua mtu mwingine.

Pale Igoma tairi likapasuka. Luhende akaiacha baiskeli kwa fundi, akakimbia. Alifika shati limelowa, akanyoosha mkono kabla hata ya kusalimia. Sista akapima. Mia na sitini na nane. Akashika kalamu.

Luhende akanyoosha kile kiganja chake cha ghalani.

"Mshale haujatulia, Sista. Nimekimbia toka Igoma. Nipe robo saa yangu."

Sista akatazama saa ya ukutani, ilikuwa saa tano na nusu, akaweka kalamu chini. "Haya. Na mimi nimesahau kukukalisha kwanza."

Akakaa kwenye benchi, mtoto akilia kando yake, harufu ya dagaa ikiingia dirishani kutoka ufukweni. Moja. Barua. Aliiacha. Moja tena. Moyo ulikuwa ukigonga mbavu, akausikiliza bila kuusukuma. Sijui alifika kumi mara ngapi. Sista alipomgusa bega, alifungua macho kama mtu aliyeamshwa vizuri.

Mia na thelathini na sita kwa themanini na nne. Mkono wa pili, vivyo hivyo.

"Vidonge unaendelea navyo," alisema Sista, akiandika. "Na kigoda pia."

Siku ya kufungua msimu, gunia la kwanza lilikuwa la Mhoja. Mshale ukaruka juu.

"Soma hapo hapo, bwana, umepanda."

Luhende akanyoosha kiganja. Uwanja mzima ukanyamaza, hata Bwana Lukman aliyekuwa akizungumza na dereva. Luhende akavuta pumzi, akaitoa.

"Jamani, tusubiri," Mhoja akanong'ona, "anapima zake kwanza."

Mshale ukasimama.

"Sabini na mbili," akatangaza Luhende, na kule barabarani mtu mwenye baiskeli akageuza kichwa.