Ubavu wa Kulia wa Bahasha

Ng'ombe anapokunywa maji hafanyi fujo. Huzamisha midomo, hutulia, kisha husikika mvuto mmoja mrefu, kama mtu anayeonja uji wa moto kwa tahadhari. Hapa Mkolani jirani yangu Deo anafuga ng'ombe mmoja wa maziwa nyuma ya nyumba, na kila asubuhi mvuto huo hunifikia dirishani kabla sijawasha jiko. Nikiusikia, mwili wangu hutaka kwenda kuchuchumaa upande wa kulia wa yule ng'ombe. Magoti siku hizi hulalamika, lakini tabia hiyo haijaniacha tangu nilipokuwa na miaka tisa. Nitawaeleza ilikotoka, hatua kwa hatua, maana nimekuwa na muda mrefu wa kuipanga.

Wakati huo tulikuwa tumekwisha kuhamia kijiji cha ujamaa, upande wa ziwani kutoka Usagara. Nyumba zilipangwa kwa mistari, na mifugo ya watu wengi ilichungwa pamoja na kulala zizi moja. Niliishi na Bibi, mama mzazi wa baba yangu. Nyumbani kwetu hakukuwa na mvulana, kwa hiyo fimbo ya kuchungia ilikuwa yangu, na wenzangu malishoni walisema ndiyo itakayonioa.

Bibi alikuwa na ng'ombe mmoja tu. Nilimwita Bahasha kwa sababu ya alama nyeupe ya pembe nne kwenye paji la uso wake. Maziwa yake ndiyo yaliyonikuza. Halafu akakauka, na misimu miwili ikapita bila kuzaa. Bibi hakulalamika. Kila jioni alimpapasa mgongoni na kumwambia, "Ukiwa tayari, utaniambia."

Ni Bibi aliyenifundisha kupima mimba. Unamzuia ng'ombe asinywe maji tangu jioni. Alfajiri unampeleka ziwani, maji yakiwa baridi, unamwacha anywe mpaka ainue kichwa mwenyewe. Kisha unachuchumaa upande wa kulia, kwa kuwa wa kushoto umejaa tumbo la majani, na unatazama sehemu ya chini ya ubavu, mbele kidogo ya kiwele. Ndama akiguswa na ile baridi hushtuka. Ngozi husukumwa kutoka ndani mara moja au mbili, kama goti la mtoto chini ya shuka. Kazi hiyo inataka macho na subira, na mimi nilikuwa navyo vyote viwili. Kufikia mwaka huo nilikuwa nimetabiri ndama watatu, na wote watatu walizaliwa.

Basi ikatangazwa kwamba wageni wa wilaya watakuja kutazama shamba la pamba la kijiji, na kijiji chenye zizi hakimpi mgeni mlenda. Asubuhi moja mwenyekiti wetu, Mzee Masanja, mtu mrefu mwenye sauti ya kuitia watu wa ng'ambo, alikuja zizini na wanaume wanne kuchagua. Lazima niseme jambo ambalo wakati ule nililiona la kawaida kabisa: kijijini kwetu nyama ilikuwa jike. Madume yalihasiwa yakalime, na fahali alibaki mmoja. Kila sherehe, basi, tulikula jike, na tulimchagua kwa kumtazama tumbo.

Mzee Masanja alimnyooshea fimbo ng'ombe wa kijiji aliyeitwa Madoa. "Huyu. Tazameni alivyonona."

"Shikamoo, babu," nikasema. "Hayo si mafuta. Ni ndama."

Walicheka mpaka mmoja akashika nguzo ya zizi. "Haya! Kumbe bwana mifugo wetu anavaa gauni!"

"Marahaba, Kabula," akasema Mzee Masanja. "Na huyo ndama umemwona kwa darubini ipi?"

Bibi alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi na kibuyu chake. "Mpelekeni majini," akasema. "Kucheka hakujampima ng'ombe hata siku moja."

Tukaenda wote. Madoa alikunywa, akainua kichwa, maji yakimchuruzika kidevuni. Nikachuchumaa, na wanaume wakainama nyuma yangu huku wakinipulizia shingoni harufu ya tumbaku. Ubavu ukatulia, kisha ngozi ikaruka. Ikaruka tena. Mara ya tatu hata aliyecheka kuliko wote akasema, "Aisee."

Mzee Masanja alivua kofia, akajikuna. Kisha akanigeukia mimi, si Bibi. "Haya, bwana mifugo. Sasa tupe ambaye hana."

Sikuwa nimewahi kuombwa neno na mtu mzima. Nilihisi nimerefuka. Majike mengine yote yalikuwa yananyonyesha, na hakuna aliyetaka kumwachisha ndama ziwa kwa kisu. Alibaki Bahasha. Mwenyekiti alimwambia Bibi kwa upole kwamba ng'ombe huyu amekaa misimu miwili bure. Akimtoa, ndama wa Madoa atakuwa wake. Bibi alimpapasa Bahasha mgongoni.

"Kabula," akasema, "mpime."

Bahasha alikunywa maji mengi. Alikuwa mwembamba, mbavu unaweza kuzihesabu. Nilitazama mpaka miguu ikafa ganzi. Hakuna kilichotikisika isipokuwa inzi. Nikasimama, nikajipangusa mchanga, nikatangaza kama karani, "Huyu hana kitu."

"Umeona nini?" Bibi akauliza.

"Sijaona kitu, Bibi."

"Basi sema hujaona kitu."

Nikadhani ananikumbusha adabu mbele ya wakubwa. Nikarudia: "Sijaona kitu."

"Basi hana," akasema Mzee Masanja, na wanaume wakaitikia kwa vichwa. Bibi akasubiri kidogo, kama anayengoja mtu mwingine aseme neno. Hakuna aliyesema. Akakubali.

Mchinjaji alitoka Usagara. Sisi wengine tulikuwa Wakristo na watu wa mila, lakini ili kila mgeni aweze kula, kisu cha sherehe kilikuwa cha Mzee Athumani, mzee msafi mwenye mikono ya polepole. Mimi nilishika beseni, tena karibu kabisa, kwa kuwa nilijiona mwenye shughuli. Alichinja, akachuna, akapasua. Kisha mikono yake ikasimama. Hakumwita mwenyekiti.

"Mama," alimwambia Bibi, "njoo mwenyewe." Na alipofika, "Hakuwa peke yake."

Alikuwa mdogo kuliko paka. Hakuwa na manyoya, na kwato zake zilikuwa laini, za rangi ya nta. Alilala ndani ya mfuko wake kwa utulivu kamili, kichwa kimeinamia kifua. Mtu mmoja alinong'ona kwamba nyama laini kama hiyo huwafaa wazee wasio na meno. Bibi, aliyekuwa amebakiwa na meno machache, alisema hajafikia uzee huo. Akamfunga yule ndama kwenye kipande cha gunia, akamfukia kando ya zizi.

Wageni walikula na kuisifu nyama. Mimi nilikataa. Bibi akaniwekea finyango mkononi. "Kula. Usipokula utakuwa umemwua bure." Nilikula, na Bibi naye alikula. Maneno yalipoanza kisimani, alisema mbele ya wanawake wote, "Niliyempima vibaya ni mimi." Nilijua si kweli, nikanyamaza. Watoto hawakudanganyika. Kwa mwezi mzima walinijia na matumbo mbele: "Kabula, hebu nitazame! Nina ndama au viazi?" Na kwa mwaka mzima na zaidi uji wetu uliendelea kuwa wa maji, bila maziwa.

Madoa alizaa dume. Mzee Masanja, kwa aibu, alitaka Bibi asubiri ndama jike. Bibi alikataa, ahadi ilikuwa ndama. Walipotaka kumhasi akalime, alikataa tena. Alimlisha, akampapasa mgongo, na wageni walipokuja tena alimleta mwenyewe kwa kamba. "Chinjeni huyu. Huyu hana haja ya kupelekwa majini." Kuanzia hapo kila mwaka dume mmoja alitengwa kwa ajili ya sherehe. Hakuna aliyepiga kura.

Masomo yangu yaliishia darasa la saba, mengine nimejisomea. Miaka mingi baadaye nilipata kijitabu cha ufugaji kisicho na jalada, na humo nikakuta kwamba mimba ya ng'ombe ni miezi tisa, na kwamba ndama hutikisa ubavu pale tu mimba inapokuwa imekua sana. Nilikumbuka ukubwa wa yule wa Bahasha. Labda miezi minne. Siku ile macho yangu hayakukosea hata kidogo. Kilichokosea ni sentensi yangu. Bibi aliisikia palepale akajaribu kuisahihisha. Na aliposema ni yeye aliyepima vibaya hakuwa ananikinga tu, kama nilivyodhani. Alikuwa amenifundisha namna ya kuona, bila kunionyesha mahali kuona kunapoishia.

Juzi Deo aliniita. Ng'ombe wake amepandishwa, hana uhakika kama ameshika, na mwenye bucha amekwisha kuja mara mbili. Nilichuchumaa wakati anakunywa. Nilikaa mpaka miguu ikafa ganzi.

"Vipi, mama?"

"Sijaona kitu."

"Basi nimwite mtu wa bucha."

"Deo, sikusema hana. Nimesema sijaona. Mwite daktari wa mifugo atie mkono ampime kwa ndani, au msubiri."

"Mama nawe! Unaongea kama wakili."

"Naongea kama bibi yangu," nikamwambia, na nikamnyooshea mkono anisaidie kusimama.