Namba Chini ya Grisi

Redieta inayopasha joto chumba changu hapa Minneapolis imewashwa leo, mwanzo wa baridi; inanuka chuma cha moto, nami naiacha barua ya kuomba kazi ambayo nimeshaiandika upya mara nne, namkumbuka Baba.

Baba alikuwa dereva wa kichwa kidogo cha treni kilichovuta mkonge shambani. Kiliachwa na jeshi la Wajerumani baada ya vita vya zamani. Siku moja tuliambiwa wageni kutoka makumbusho ya Ujerumani wanakuja kukitazama. Kwetu mgeni akija kila kitu husuguliwa, basi nikakisugua kwa mchanga na makumbi ya nazi kama sufuria, mpaka namba nyeupe ya ubavuni ikatoka yote.

“Namba ya jeshi iko wapi?” mgeni mmoja akauliza. “Bila hiyo hatuna uhakika kuwa ni chenyewe, hatuwezi kukichukua.”

Nikaficha mikono nyuma.

“Jua na mvua, bwana,” Baba akajibu.

Walipoondoka nililia, nikijua nimeharibu. Baba akanivuta karibu, akapangusa grisi kwenye chuma kinachounganisha magurudumu. Namba ileile ilikuwa imegongwa pale.

“Mbona hukuwaonyesha?”

“Hawakuuliza ya huku, mwanangu. Wakikibeba, kesho mkonge nitauvuta kwa meno?”

Akanipa kopo la grisi. Nikaipaka ile namba taratibu mpaka isionekane, kama anavyopakwa mafuta mtoto aliyetoka kuoga.