Namba Inayopigwa kwa Tarumbeta

Filda Akumu alipostaafu kutoka bendi ya polisi, mume wake Ojera alikuwa ametangulia nyumbani. Yeye maisha yake yote ya kazi aliyamalizia kaunta, kituoni, akipokea watu na simu zao. Shida ya Ojera ni kwamba mwili ulistaafu lakini mdomo ukabaki kazini. Simu yoyote iliyolia ndani ya nyumba yao ya kupanga pale Naguru, Kampala, iwe yake, ya mkewe au ya mgeni aliyekwenda chooni, aliidaka na kunguruma: "Kituo cha polisi! Toa jina na shida yako!"

Ndugu wa Gulu walishamzoea, walicheka tu. Lakini sasa Filda alikuwa amefungua kampuni. Alikuwa amewakusanya wenzake wa zamani, wapiga tarumbeta na mpiga ngoma mmoja aitwaye Oryem, akaongeza Masinde, Mkenya wa Bungoma aliyekuwa akiuza magodoro mjini na kupiga tuba kanisani, lile tarumbeta nene linalomzunguka mtu kama chatu. Kampuni wakaiita Matarumbeta ya Naguru. Kazi yao: harusi, mahafali, ubatizo, na shughuli yoyote yenye watu wa kucheza.

Mteja wa kwanza alipiga simu Filda akiwa anaoga. Alikuwa baba wa bibi harusi. Aliposikia "Kituo cha polisi!" alikata simu, na hadi leo hajulikani alimpata nani wa kumpigia muziki.

"Baba Babra, umenifukuzia mtu!" Filda alilalamika, povu bado masikioni.

"Mtu asiye na hatia haogopi polisi," Ojera alijibu, akarudi kwenye redio yake.

Ndipo ikaamuliwa kwamba kampuni ipate namba yake yenyewe, na simu hiyo ikae mfukoni mwa Filda, hata jikoni.

Babra, binti yao aliyekuwa akisoma biashara chuo kikuu, aliwapeleka Wandegeya kwenye kibanda cha Zuleika, mwanamke mchangamfu aliyeuza laini za simu katikati ya duka la kuchapisha kadi na mama mkaanga chapati. Zuleika alipanga laini mezani kama mtu anayegawa karata.

"Kampuni ya nini, nyabo?" alimuuliza Filda, akimwita mama kwa Kiganda.

"Ya matarumbeta."

"Banange! Basi iko namba mingi. Chagua."

Masinde alikuwa na maoni yake tayari. Alitaka namba yenye tarakimu inayojirudia mpaka mwisho. "Mama Babra, namba ya kampuni ni kama suti. Mtu akiiona tu, ajue hawa ni watu wazima. Hii hapa, ona, nane nane nane nane. Nani atasahau nane?"

"Mtu atasahau ni nane ngapi," Babra alisema. "Ataongeza moja, atapunguza moja, atampigia mtu wa Mbarara."

Zuleika akaanza kusoma nyingine kwa sauti, moja baada ya moja, na Filda, bila kujua anachofanya, akawa anazifuata kwa mluzi. Ilikuwa tabia ya tangu chuo cha muziki cha polisi, ambako mwalimu wao aliwafundisha nyimbo kwa tarakimu: moja ni do, mbili ni re, tatu ni mi, hadi mwisho. Namba nyingi zilitoka ovyo. Moja ilisikika kama paka aliyekanyagwa. Nyingine ilikuwa na sifuri nyingi, na kwa Filda sifuri ni kunyamaza, kwa hiyo alisimama tu mdomo umechongoka, akisubiri.

Kisha Zuleika akasoma moja ambayo mkia wake ulikuwa tano sita tano, tatu mbili moja.

Filda alipiga mluzi. So la so, mi re do. Akaacha. Akaupiga tena, taratibu. Mama wa chapati akageuka.

"Soma tena," Filda alisema.

Zuleika alisoma tena, na safari hii mabega yake mwenyewe yakaanza kutikisika. Babra akaingiza maneno, akiimba tarakimu zenyewe: "Tano sita ta-no, tatu mbili mo-ja!" Vijana wawili waliokuja kuchapisha kadi wakaidaka. Mama wa chapati akapiga sufuria kwa mwiko pale penye nafasi, na kabla hujajua kinachoendelea, kibanda kizima kilikuwa kinaimba namba ya simu ambayo haijanunuliwa.

Masinde alishikilia nane zake hadi dakika ya mwisho. Alikuja kulegea tu pale alipojikuta naye anaunguruma sauti ya chini, ile ya tuba, pum pum pum. "Haya," alisema kwa masikitiko ya mtu aliyesalitiwa na koo lake. "Sajilini hiyo."

Filda akatoa kitambulisho, akaweka kidole kwenye mashine. Zuleika alimkabidhi laini. "Hii namba ilikuwa ya mtu zamani, nyabo. Akaiacha, kampuni ya simu ikairudisha sokoni. Hakuna matata."

Matata yalianza asubuhi iliyofuata. Filda alikuwa akisugua tarumbeta lake mezani, mikono imejaa dawa ya kung'arishia shaba, simu mpya ikalia. Kabla hajapata kitambaa, Ojera alikuwa ameshaidaka.

"Kituo cha polisi! Toa jina na shida yako!"

Ikajibu sauti ya mwanamke, nyembamba, yenye Kiswahili cha Kongo: "Miye ni Exaucée."

"Na shida yako?"

"Nimekubali kuolewa."

Ojera aliondoa simu sikioni, akaitazama. Katika miaka yote ya kaunta alikuwa amepokea wizi, ugomvi, mbuzi waliopotea na mtu aliyedai jirani kamwibia jogoo kwa kumtazama. Shida ya namna hii hakuwahi kuipokea.

"Wahabi yuko huko kwenu?" mwanamke akaendelea, sauti ikipanda. "Polisi mumemkamata Wahabi wangu? Amefanya nini?"

Mtu mwingine angesema amekosea namba. Ojera alisema, kwa upole wa kazini, "Njoo Naguru utoe maelezo," akamwelekeza nyumba hadi rangi ya geti.

"Baba Babra!" Filda alipiga kelele. "Umemfanya nini mtoto wa watu?"

"Analia," Ojera alisema, amechanganyikiwa. "Mtu akilia unamwambia aje."

Akaja kweli. Ilikuwa kabla ya chakula cha mchana. Aliteremka kwenye bodaboda akiwa amevaa kitenge kizuri, amebeba hotipoti ya fufu, ule ugali wa Kongo, na samaki aina ya ngege wa kukaanga, kwa kuwa kila mtu anajua mtu aliyekamatwa hali vizuri. Alipouona ua wenye kuku, nguo zilizoanikwa, na Masinde amekaa kwenye kigoda ndani ya tuba, alisimama getini.

"Hii ni polisi gani?" aliuliza.

Filda alimkalisha, akamwomba radhi, akamweleza habari ya namba na ya mume wake. Exaucée alisikiliza, macho yakitoka kwa Filda kwenda kwa Ojera, ambaye alijificha nyuma ya gazeti. Kisha ghafla alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na Filda akacheka, na Masinde akacheka ndani ya tuba, kikatoka kishindo kilichowatawanya kuku.

Baada ya hapo walikula ile fufu ya mfungwa, na Exaucée akasimulia. Wahabi alikuwa fundi wa injini za boti kule mwaloni Ggaba, ufukweni zinakoteremshwa samaki. Alimwomba amwoe siku ileile ambayo Exaucée alikuwa anaondoka kwenda kwao Bunia, Kongo, kumuuguza mama yake. "Nilimwambia, nipe muda, mama akipona nitakupigia simu. Mama alichelewa kupona. Halafu mapigano, mitandao imekatika, simu yangu imepotea, lakini namba yake nilikuwa nayo kichwani. Kila nikipiga, haipatikani. Juzi nimerudi Kampala. Leo nikapiga tena, ikalia! Moyo uliruka."

"Kwa nini usiende Ggaba moja kwa moja?" Filda aliuliza.

Exaucée alishusha macho. "Mama, ule mwalo mzima unanijua. Kama ameoa mwingine, nitafika pale na kitenge changu, wauza samaki wote wananitazama. Watanicheka hadi Krismasi."

Filda alifikiri, ulimi umegusa meno kama mtu anayejiandaa kupuliza. Masinde alimwona. Alikuwa anaijua sura ile.

"Mama Babra, usifanye hivyo."

"Binti yangu," Filda alimwambia Exaucée, "hakuna atakayekutazama wewe. Watatutazama sisi."

Alasiri hiyo pikapu ya kukodi iliteremka barabara ya Ggaba ikiwa imebeba Matarumbeta ya Naguru, sare nyekundu, shaba inayong'aa, Oryem na ngoma yake juu ya paa la kabini, na Exaucée amejibanza nyuma ya Masinde, akionekana viatu tu jinsi tuba lilivyokuwa kubwa. Ojera alisisitiza kwenda. Alikaa mbele na dereva, na kila trafiki waliyempita alimpigia saluti.

Walifika wakati boti zinateremsha samaki na soko limechemka. Filda alisimama nyuma ya pikapu na kuwaza wapige nini. Wimbo wa harusi ungekuwa kejeli, ikiwa mambo yameharibika. Wimbo wa kanisani ungekusanya watu wa kuombewa. Basi akapiga kile kilichokuwa kinamchezea kichwani tangu Wandegeya, namba ya kampuni. Kwani si walikuwa hawajaitangaza bado? Tarumbeta likaita, mengine yakaitikia, ngoma ikajaza penye sifuri, na chini kabisa Masinde akautandika msingi.

Babra, aliyekuwa amewafuata kutoka chuo kwa sababu asingekosa kitu kama hiki, alipiga kelele: "Hii ni namba yetu! Imbeni!" Akaimba tarakimu zote, kuanzia sifuri saba. Wanawake wa samaki hawakuhitaji kuambiwa mara ya pili. Mmoja alidaka akiwa na kisu mkononi, mwingine akiwa na mkia wa sangara begani, na punde mwalo wote ulikuwa unarusha tarakimu hewani, tano sita tano, tatu mbili moja, huku wachukuzi wakikata kiuno chini ya mizigo.

Kule kwenye boti mtu mmoja aliinuka. Alikuwa ameinamia injini, mikono myeusi kwa grisi mpaka viwikoni. Alisikiliza, kichwa kimeinama upande. Kisha akaanza kupenya watu, mbio.

"Nyie!" alipaza sauti. "Nani anaimba namba yangu ya simu?"

Muziki ukafa vipande vipande, tuba la mwisho.

"Wewe ndiye Wahabi?" Filda aliuliza kutoka juu.

"Ndiyo, mama. Hiyo namba ilikuwa yangu. Ilizama ziwani na simu yangu, nikitengeneza injini, na laini haikuwa kwa jina langu, wakakataa kunirudishia. Nimeililia hiyo namba! Kuna mtu alikuwa anipigie…"

Hakumaliza. Viatu vilivyokuwa nyuma ya Masinde vilijitokeza, na kitenge, na Exaucée mzima.

Soko la Ggaba haliachi biashara hata mvua ya mawe ikinyesha. Siku ile wauza samaki waliweka visu chini, wakasogea kusikiliza.

"Nilipiga," Exaucée alisema. "Leo asubuhi. Nikasema nimekubali."

"Ukamwambia nani?"

Exaucée alinyosha kidole kwa Ojera, aliyekuwa ameshuka na kusimama wima kama yuko kwenye paredi.

"Na yeye alisema nini?" Wahabi aliuliza.

"Nilisema aje atoe maelezo," Ojera alijibu. "Maelezo ndiyo hayo. Wewe unasemaje?"

Wahabi alisahau grisi, akamkumbatia Exaucée, na kile kitenge kizuri kikapata alama za mikono miwili mgongoni ambazo hazikutoka kamwe kwa sabuni yoyote. Vigelegele vilivyopigwa na wauza samaki vilivurumusha makorongo yote kutoka kwenye mapaa. Bendi haikuhitaji ishara.

Walipotulia kidogo, Filda alimvuta fundi pembeni. Alikuwa amekwisha kuipenda namba ile kama mtoto, lakini haki ni haki. "Mwanangu, ukiitaka, tutakwenda tuulize kama wanaweza kukurudishia."

Wahabi alimtazama Exaucée, aliyekuwa amezungukwa na wanawake wanaomuuliza maswali yote kwa pamoja. "Mama, kaa nayo. Mimi nilikuwa nangojea simu moja tu."

Kuanzia jioni ile simu ya kampuni haikupumzika. Watu wa Ggaba waliimba namba hiyo kwa watu wa Bunga, wa Bunga kwa wa Kansanga, na watoto wa shule wakaifanya wimbo wa kuruka kamba. Wengine walipiga tu kuona kama ni namba kweli, wakicheka wakakata. Wengine walitaka bendi. Masinde alilazimika kumwachia shemeji yake magodoro siku za Jumamosi, na hakuzitaja tena zile nane.

Harusi ilifanyika kando ya ziwa, kwenye uwanja ulio nyuma ya soko, shehe wa upande wa Wahabi na mchungaji wa upande wa Exaucée wakigombea kipaza sauti kwa heshima kubwa. Mvua ilianguka katikati ya chakula. Wote walikimbilia chini ya turubai moja, bibi harusi, samaki, shaba na mchungaji, wakabanana wakicheka, na bendi ikapiga hivyohivyo, viwiko vikigongana.

Hapo Exaucée alimfikia Filda na kumshika mkono.

"Mama, shusha hicho chuma. Njoo ucheze."

"Mimi? Mimi niko kazini."

Na ilikuwa kweli. Tangu akiwa msichana wa sare mpya, Filda alikuwa amesimama kwenye harusi za watu, akiwapigia wengine wacheze, na miguu yake mwenyewe ikipiga mdundo mahali pamoja tu. Alimtazama Masinde. Masinde aliinua nyusi, akapuliza kwa nguvu zaidi, kama kusema pengo hilo nitaliziba mimi.

Filda akaweka tarumbeta juu ya meza, kati ya sahani. Ojera alikuwa tayari amefika, ameshavua koti, amemnyooshea mkono. Wakaingia katikati ya watu, wazee wawili wa polisi, viatu vimejaa matope, wakacheza mpaka mvua ikakatika.