Siku Niliyomtangazia Hawe Uchumba

Sitaki huruma ya mtu, ila nawaomba mcheke kwa kiasi, maana haya yalinipata mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu, fundi wa programu za kompyuta ninayelipwa huko Changamwe ili mambo kama haya yasitokee. Hadi leo nikipita Mtopanga akina mama wa kwaya huniuliza, "Mwalimu, leo hututumii ujumbe?" nami huinama kama niliyedondosha kitu.

Kwanza mumjue Hawe. Hawe ni nyanya kwa Kigiriama, na huyu ni nyanya yangu mzaa baba, na kwa desturi yetu Wagiriama mimi ndiye niliyepewa jina lake, kwa hiyo nyumbani tuko akina Dama wawili, na yeye huniita somo yake. Ndiye aliyenilea. Ni mjane, kiongozi wa akina mama kanisani, mtu ambaye hata mchungaji humwamkia akiwa bado mbali (likumbukeni hilo, ndilo lililonimaliza).

Sasa kila Jumamosi alasiri mimi huwafundisha vijana wa kanisa kompyuta pale ukumbini, na siku hiyo tulifika kwenye majina yanayogongana. Kwenye programu kila kazi unaipa jina, ukitaka ifanyike unaliita jina lake, lakini sehemu mbili za programu zikiwa na kazi zenye jina moja, kompyuta itajuaje unataka ipi? Nikawaambia, na nilijipenda sana nilipokuwa nikisema, "Mtu akisimama uani kwetu akaita 'Dama', tutaitika wawili. Ukitaka mmoja, mtaje na mwenyewe: Dama wa Charo, mumewe, ni nyanya yangu, Dama wa Karisa, baba yangu, ni mimi. Kwenye kompyuta ni vivyo hivyo, unatanguliza jina la mwenye kazi, kisha jina la kazi." Wakaandika wote, nami nikapanda kichwa.

Kwa mfano nikafungua programu ya matangazo ya kanisa, niliyoiandika mwenyewe (ningefungua kitu kingine chochote, leo ningekuwa napita Mtopanga kichwa juu). Programu hiyo ilirithi kazi zake kwa wazazi wawili (ndivyo mafundi tunavyoziita programu zinazorithiwa), mmoja nilimwita Jaribio na mwingine Halisi, na wote wawili walikuwa na kazi iitwayo "tuma". Ya Jaribio huandika ujumbe kwenye skrini tu, ya Halisi huupeleka kwenye simu ya kila muumini. Kuna lugha za kompyuta ambazo zikikuta mgongano kama huo hugoma mpaka ufafanue. Yetu haigomi, inamchukua mzazi aliyetajwa kwanza, kimya kimya, na mimi miezi yote nilikuwa nimemtaja Jaribio kwanza, Halisi nikimwita kwa jina lake siku ya tangazo la kweli tu.

Akainua mkono Emmanuel, kijana aliyetoka bara, anapenda vitu vilivyonyooka.

"Madam, si upange hizo majina na alfabeti, zikae fiti?"

Ningesema hapana, yangeishia hapo. Lakini watu kumi na wanne walikuwa wakinitazama, na mimi napenda kuonekana nadhifu, nikamhamisha Halisi mbele ya Jaribio, H kabla ya J, nikamsifu Emmanuel kwa jicho lake zuri. Na nilikuwa nimetoka tu kueleza kwamba wa kwanza ndiye anayeitika, chaki haijafutwa ubaoni.

Nikawaomba ujumbe wa kujaribia. Wanajua nina miaka thelathini na moja na sijaolewa, basi wakanitungia: "Leo saa kumi Dama anachumbiwa. Nyote mnakaribishwa nyumbani kwao." Wakacheka, na mimi, nisije nikaonekana nimekasirika, nikaandika neno kwa neno, nikasema, "Tazameni, hauendi popote," nikabonyeza.

Simu ya kwanza kulia ilikuwa yangu, ya pili ya Emmanuel, kisha zikalia ukumbi mzima.

"Madam," akasema Emmanuel polepole, "umeenda."

Kosa nililiona papo hapo, nikamrudisha Jaribio mbele, kisha nikaandika haraka, "Samahani, hakuna uchumba, lilikuwa jaribio," nikabonyeza tena. Radhi yangu ikatokea kwenye skrini, safi kabisa, nikashusha pumzi, nikazima simu nisipigiwe na wachokozi, nikawaaga vijana. Walikuwa wakicheka mno hata wasigundue kwamba safari hii hakuna simu hata moja iliyolia. Mimi niliyekuwa sicheki pia sikugundua. Jaribio alikuwa mbele, radhi imebaki kwenye skrini, hakuna aliyeipata, na fundi wa programu anashuka barabarani anakula viazi karai vyake kwa raha.

Nilipokata kona ya kwetu nikasikia kwaya inaimba.

Uani palikuwa pamejaa. Akina mama na leso zao za sare, sufuria mbili za pilau tayari zimeinjikwa, viti vya kanisa vimepangwa, mchungaji amevaa kola. Nikadhani wamekuja kwa ajili yangu, nikawa natafuta pa kujificha, mara mama mmoja wa kwaya akanikumbatia.

"Hongera, Mwalimu. Kwani Hawe yako katuficha jambo kubwa hivi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Kanisani hakuna anayeniita Dama, mimi ni Mwalimu. Dama wa pale ni mmoja tu, nyanya yangu, ndiye wa kwanza kwenye orodha ya kila mtu, na watu nao, kama kompyuta yangu, wakamchukua wa kwanza. Hawe mwenyewe alikuwa ameketi katikati kwenye kiti cha sebuleni, amevaa gauni lake la Pasaka, mikono mapajani. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Aliyenilea, nimemfanya kichekesho mbele ya watu anaowaongoza.

Kabla sijafungua mdomo akaingia Mzee Baya, mpiga kengele wa kanisa, mgane, amevaa suti, anasukuma baiskeli yenye kreti ya soda nyuma. (Zamani mchumba angekuja na kibuyu cha tembo la mnazi, sisi wa kanisa tunaleta soda.)

"Mzee Baya, kumbe ni wewe?" akauliza mchungaji.

"Hata sijui, mchungaji. Nimesoma Dama anachumbiwa, lakini na nani, hapakuandikwa. Nikasema kama nafasi iko wazi, bora niwahi."

Hapo sikuweza tena. Nikasimama nikaungama yote, Jaribio, Halisi, alfabeti, radhi isiyofika, machozi yananitoka, nikapiga magoti mbele ya Hawe. Mzee Baya akatazama chini, akaanza kuifunga upya kamba ya kreti yake, taratibu, na mimi nikatamani ardhi inimeze.

"Baya," akasema Hawe, "hiyo soda iteremshe."

Kisha akanigeukia mimi. "Inuka, somo yangu. Kwani wadhani sikujua? Huo ujumbe nimeusoma saa tisa. Mtu hachumbiwi bila kuwa na habari. Nikasema, ngoja nivae, nimwone huyo atakayekuja."

Vigelegele vilivyopigwa hapo nadhani vilisikika Likoni. Pilau ikaliwa, mimi nikapewa kazi ya kugawa soda kama adhabu, na Mzee Baya alikaa kando ya Hawe mpaka magharibi, wakiongea kwa sauti ya chini mambo ambayo hadi leo sijaambiwa.

Tangu siku hiyo nimeapa: alfabeti nimewaachia wenye kamusi, na sitaita "tuma" tena bila kumtaja mwenyewe, hata kama najua nani yuko mbele, hata nikiwa peke yangu chumbani. Tangazo la harusi yao nililiandika hivyo, Halisi, nukta, tuma, Hawe ameketi ubavuni mwangu na miwani yake, anasoma kila herufi.

"Hapo uliposema Dama," akaniambia, "ongeza mjane wa Charo. Wasije wakadhani ni wewe, wakaja bure."