Tumbusi Aliyelipenda Gari Langu

Kule kwenye kituo cha kulea tumbusi nje ya Riyadh, sheria ya kuwalisha ilikuwa moja: ndege asikuone wala asikusikie. Nyama unaisukuma kwa bomba lililopita ukutani, unaondoka kimya, ili siku akiachiliwa porini asimfuate binadamu. Mimi, dereva wa kuleta mizoga ya mbuzi, niliivunja. Kwetu Kenya hupiti mlango wa mtu bila kumsalimia, na kila asubuhi kulikuwa na jike mmoja akikwaruza upande wa pili wa ukuta, ananisubiri. Nikawa namwamkua, namuuliza amelalaje. Kosa langu, silikatai.

Alikuwa na tabia zake, yule. Nikichungulia kwenye tundu niliona wenzake wakigombania nyama kama watu waliokaa siku tatu bila kula. Yeye alisimama pembeni mpaka mbabe wao achoke kurarua ngozi, ndipo akaingia kwa hatua za mwenye nyumba. Kulikuwa na dume mmoja mzee, chongo, ambaye wengine walimpiga vikumbo. Jike huyu alikaa naye jiwe moja, akimchambua manyoya ya shingo taratibu. Mimi sikuwahi kumvumilia mtu hivyo. Nilimpenda, basi.

Walipoachiliwa milimani, safari ndefu kutoka Jeddah, nilihamishiwa huko kuwapelekea chakula. Nikapanga chumba Karantina, mtaa mmoja wa Jeddah. Wiki ya kwanza tu, nikiwa na bosi garini, jike akatua, akaja akitembea, akapanda boneti na kuanza kung'oa mpira wa waipa. Nilijua kilichomleta: zile salamu zangu za kila asubuhi. Bosi hakufoka.

"Akimfuata mtu tena, halas, basi," alisema. "Anarudi kizimbani mpaka afe."

Kesho yake nilikwenda peke yangu, na akaja tena. Nikashuka, nikaokota mawe. La kwanza lilipita juu yake. Alilitazama, akainamisha kichwa upande, akazidi kusogea. Nilikasirika, si kwa ajili yake, kwa ajili ya mdomo wangu. La pili likampata bawani. Akaruka vibaya, akapepesuka, kisha upepo ukambeba hadi kwenye mwamba walikokaa wenzake. Nililia palepale, mtu mzima.

Siku hizi gari langu likitokea tu konani, yeye ndiye wa kwanza kuruka kulikimbia, na kundi zima linamfuata.